Mwenye Safari Apande

Gari lilididimia wakati hakuna mtu aliyeligusa. Hilo ndilo lililokuwa la kwanza, na Nesi alilicheka.

Ilikuwa mchana wa jua kali, watu wa karakana wote wamekwenda kula. Walibaki wawili tu: Nesi, mkunga wa zahanati ambaye jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau, na fundi wa kuchomelea aliyeitwa Cheche kwa ajili ya nguo zake, ambazo zilikuwa na matundu mengi kuliko kitambaa. Gari lilikuwa la Nesi, refu, kuukuu, la kupanda milima, linalokunywa mafuta bila aibu. Tairi lake la spea lilikuwa linalala ndani ya buti na kula nafasi yote, hivyo mgonjwa akipakiwa alisafiri amejikunja. Nesi aliivumilia hali hiyo miaka nenda rudi, mpaka binti yake, mwanawe wa pekee, alipopata mimba na mtoto akagoma kugeuka tumboni. Huyo hangeweza kujikunja. Huyo alitaka kulazwa, tena kwa upole, na njia ya kwenda zahanati ilikuwa mashimo matupu. Ndiyo maana tairi likatakiwa litoke likakae nje.

Cheche alikuwa amechomelea mkono wa chuma kwenye bampa ya nyuma, una bawaba upande mmoja na komeo upande wa pili, ili ufunguke kama geti kabla ya kufungua mlango wa buti. Kazi safi, hata adui yake angekubali. Ilibaki kuupima. Kawaida yake alimwita mtu yeyote mnene aliye karibu, mtu huyo akaupanda mkono na kuning'inia, watu wakacheka, kazi ikaisha. Siku hiyo hakuwepo mnene wala mwembamba. Cheche akapiga bampa makofi kama utingo wa basi, akaipazia sauti karakana tupu.

"Haya, mwenye safari apande! Gari la mama linaondoka! Nafasi ipo, nafasi ipo!"

Nesi bado alikuwa anacheka mkono ulipoinama. Springi zikalia, matairi ya nyuma yakabonyea, gari likakaa chini kwa nyuma na halikuinuka tena.

"Chuma kikipoa hutulia," Cheche alisema. Lakini alisema akiwa ameshajisogeza mbali, na kofia ameivua.

"Fundi, hata tairi lenyewe hujalifunga bado."

"Nafunga sasa hivi, mama. Nafunga uende zako."

Njiani usukani ulikuwa mwepesi mno, kama wa gari lililobeba mzigo nyuma. Kwenye kioo cha ndani Nesi aliona ukingo wa juu wa tairi umeziba nusu ya dirisha la nyuma, mweusi, wa mviringo, kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi. Akajiambia ni tairi, na kweli lilikuwa tairi. Ila gari lilipopita shimoni, tairi lilitikisika kwa kuchelewa kidogo, namna mtu anavyotikisika. Tena kulikuwa na harufu. Nesi aliijua harufu hiyo kwa kazi yake: ni ya chumba cha kujifungulia siku ambayo hakuna kichanga kilicholia. Akafungua madirisha yote.

Binti yake alikuwa mlangoni, tumbo limetangulia.

"Mama, mbona gari limechuchumaa?"

"Limebeba spea nje, mwanangu. Ndivyo yanavyokaa."

Kuanzia hapo kila jioni, giza likianza kuingia, bawaba ililia. Ililia polepole, kama anayefungua geti na hataki asikike. Nesi akaipaka grisi mpaka ikadondoka, ikaendelea kulia. Kila asubuhi aliukuta mkono uko wazi, tairi limeelekea dirisha la chumba cha binti yake, ingawa komeo alikuwa amelifunga mwenyewe na kulijaribu kwa mkono. Akapiga moyo konde. Alikuwa mtu wa dawa na sindano, na mambo ya majini aliwaachia wenye muda.

Mgonjwa wa kwanza kulala kwenye nafasi ile mpya alikuwa mke wa muuza mkaa, aliyekuja akishikiliwa na mama mkwe wake. Nesi akausogeza mkono, akafungua mlango wa buti, akasema kama anavyosema siku zote, "Karibuni, ingieni, ingieni haraka!" Mgonjwa akalazwa nyuma, amejinyoosha vizuri, na Nesi akafurahi kuona kazi ya Cheche imezaa matunda. Mama mkwe akaketi mbele.

Walipokuwa katikati ya njia, mgonjwa akasema kwa sauti ya chini, ya mtu anayeona haya kulalamika, "Nesi, tafadhali, mwambie mama mkwe aondoe mkono wake tumboni kwangu. Ni mzito."

Mama mkwe alikuwa ubavuni mwa Nesi, mikono yote miwili ameipakata. Waliangaliana. Hakuna aliyethubutu kugeuka nyuma.

Mtoto alizaliwa jioni ile, mzima wa viungo, mzuri, na hakulia. Nesi alimpulizia, akamsugua, akampulizia tena, mpaka mwenzake wa zamu akaja kumshika mikono na kumwambia inatosha. Nesi hakuwa mtu wa kulia kazini. Siku hiyo alilia mbele ya watu.

Alimrudia Cheche roho mkononi. Hakuhitaji kueleza sana, kwani Cheche tangu siku ile alikuwa hapati usingizi. Akawasha grainda aukate mkono, diski ikapasuka. Akafunga nyingine, ikapasuka pia, kipande kikampita sikioni. Akaiweka grainda chini na kwenda kumwita mganga.

Mganga alikuwa mwanamke mshonaji, mwenye kibanda cha cherehani barabara ya pili, na alikuja na pini zake mdomoni na futi ya kupimia shingoni, amekasirika kukatishwa kazi. Alilizunguka gari bila kuligusa. Kisha akatema pini kiganjani.

"Nani alimwita?"

Cheche akainamisha kichwa. "Nilikuwa natania, dada."

"Wewe ndiye uliyekuwa unatania. Yeye alikuwa na safari."

"Mtoe," Nesi alisema. "Sema unachotaka, ila mtoe."

"Angekuwa amevamia ningemfukuza, na angekimbia. Huyu amekaribishwa, mama. Atashuka anakotaka yeye. Ila hawezi kuingia mlango wowote mpaka mtu amkaribishe." Akamkazia macho. "Alikuwa nje, kwenye mkono. Aliingiaje ndani? Ulisema nini ulipomfungulia mgonjwa mlango?"

"Nilisema karibuni, ingieni," Nesi alisema. Alilikumbuka neno lenyewe, na jinsi alivyolisema kwa furaha.

"Basi," mganga alisema, safari hii kwa huruma. "Hukujua. Sasa unajua. Neno hilo lisitoke kinywani mwako, wala mwa mtu yeyote wa nyumbani kwako. Na binti yako mwambie leo hii hii."

Nesi akaitikia, na hakumwambia. Alishaona hofu inavyompandisha mjamzito presha, alishaona wanaoanguka kifafa kitandani kwa sababu ya habari iliyoletwa vibaya. Akaona amlinde kwanza, maneno yatakuja akishajifungua salama. Lilikuwa kosa la mkunga, tena la mkunga mzuri, na hakuna aliyekuwepo wa kumsahihisha. Cheche akakataa gari lisilale karakana, kwa hiyo likarudi kusimama getini kwa Nesi, limechuchumaa, na yeye akawa anakwenda kazini kwa miguu.

Uchungu ulikuja kabla ya wakati wake, mchana, mvua inanyesha kwa hasira. Nesi alipompima binti alikuta mguu mdogo umeshatangulia. Akampigia mwenye teksi, akajibiwa kwamba njia yote ni tope, gari dogo halipiti. Mkwewe, mume wa binti, alikuwa safarini na lori. Lililobaki ni gari moja tu la kuweza kupita tope lile, nalo lilikuwa getini.

Alisimama mvuani akilitazama, maji yakimtiririka shingoni, na kutoka ndani ya nyumba binti yake akimwita "Mama, mama," na akajua kwamba nyuma ya gari kulikuwa na mwenyewe, na kwamba mwanawe hawezi kulala popote isipokuwa hapo nyuma, na kwamba akimlaza hapo mkono ule utamshika tumbo kama ulivyomshika mwenzake, na mjukuu atatoka mzima wa viungo, mzuri, kimya. Basi akazunguka, akafungua mlango wa mbele wa abiria.

"Wewe," alisema, meno yakigongana. "Toka huko nyuma. Njoo ukae na mimi. Karibu mbele."

Gari likainuka nyuma. Kisha kiti cha abiria kikabonyea, taratibu, kama kinavyobonyea akikaa mtu mzima mwenye heshima zake, na harufu ikajaa. Nesi akafunga mlango.

Akamlaza binti nyuma bila kusema neno.

"Mama, mbona hunisemeshi?"

"Pumua tu, mwanangu. Pumua."

Aliendesha akiwa amebana mkono wa kushoto kifuani ili usiguse kilicho ubavuni mwake, na tope likilipeleka gari huku na huku, na kila binti yake alipopiga yowe alisikia ngozi ya kiti ikikwaruza, polepole, kama mtu anayegeuza shingo kutazama nyuma, halafu mabega, halafu kiuno, mpaka Nesi akashindwa kuvumilia, akapaza sauti ambayo hata yeye hakuijua kama ni yake.

"Tazama mbele!"

"Unasema na nani?" binti aliuliza kwa woga.

"Nasema na barabara."

Kiti kikakwaruza tena, kikatulia.

Mtoto alizaliwa zahanati, kwa miguu, mikononi mwa bibi yake, akanyamaza kwa muda uliomtosha Nesi kufa na kufufuka, kisha akalia. Alilia kwa hasira, kwa mapafu yote, na Nesi akacheka kama mwehu na kumbusu binti yake jasho la usoni. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile maishani mwake, na hakuificha.

Mkwe alifika siku iliyofuata na gari la rafiki yake, barabara zimekauka, akamchukua mzazi na mtoto hadi nyumbani kwa Nesi, akaaga na kurudi kwenye lori lake. Nesi alikataa kupanda nao. Aliingia kwenye gari lake, ambamo kiti cha abiria kilikuwa bado kimebonyea, na akaelekea upande mwingine.

Alimpeleka abiria wake mtoni, akasimama, akasema, "Tumefika, shuka." Kiti hakikuinuka. Alimpeleka kwenye geti la makaburi. Hakikuinuka. Mwishowe alimpeleka machimboni, mahali palipoachwa ambapo hakuna nyumba wala mtu, akazima injini, akafunga milango yote kwa ufunguo na kuliacha gari hapo, limeegemea upande wa abiria. Akae nalo mpaka lioze.

Simu ikaita akiwa njiani.

"Mama, uko wapi? Chai inapoa."

"Nakuja, mwanangu. Nipo njiani, nakuja."

Miguu ilimuuma na alikuwa anatabasamu peke yake kama mtoto. Leo angemwambia yote, neno kwa neno, pamoja na onyo la mganga alilokuwa amemficha. Alikuwa anapanga aanzie wapi alipokunja kona ya mtaa wao, jua limeshazama, taa ya sebuleni inawaka.

Gari lilikuwa getini. Limesimama sawasawa, nyuma sawa na mbele, jepesi. Mlango wa abiria ulikuwa wazi na kiti kimeinuka. Nesi akatazama mkono wake, akaona funguo bado amezishika.

"Hodi humu ndani," mtu akasema barazani. Ilikuwa sauti ya Nesi mwenyewe, pamoja na uchovu wake.

Akaanza kukimbia, akivuta pumzi apige kelele, lakini binti yake alikuwa ameshaitika, kwa furaha, kama alivyofundishwa tangu utotoni.

"Karibu, mama! Nimesikia gari. Ingia tu, mlango sijaufunga. Njoo umpokee mjukuu wako, mikono imechoka."