Shuka Jeupe Kwenye Kibanda cha Jibini

Nerys Prosser alimkanyaga mkono mwanamume mmoja kabla hajaiona sura yake.

"Aisee! Mkono wangu!"

"Na wewe umelala chini Jumamosi saa nne asubuhi unatafuta nini? Hapa ni sokoni, si gesti."

Mwanamume akatoka chini ya meza ya jibini akiwa na futi ya kupimia na unga kwenye nywele. Alivaa suruali ya kodrai rangi ya haradali na sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Alikuwa na macho ya mtu ambaye, ukimwacha sebuleni dakika mbili, atafungua kila droo.

"Sakafu yako imebonyea," alisema. "Hapa mbele ya kibanda chako tu. Kwingine kote iko sawa. Kwa nini?"

Katika miaka yake thelathini na minne, hakuna aliyewahi kumuuliza Nerys swali hilo.

"Ni miguu hiyo," akajibu. "Bibi yangu aliuza jibini hapa, akaja mama, sasa mimi. Watu husimama papo hapo, wanaonja, wanapiga umbea. Mawe nayo huchoka."

"Sentimita nne." Akaishusha futi tena, kuhakikisha. "Umbea umekula sentimita nne za jiwe!"

Nerys akacheka bila kutaka. Akamtolea keki moja kwenye chuma cha moto, zile bapa zenye zabibu kavu, akainyunyizia sukari. "Kula. Fidia ya mkono."

Alikula nne. Alipoondoka alikuwa na namba ya simu ya Nerys, na Nerys alikuwa na jina: Macsen Bevan.

Mzee Idwal, muuza nyama wa kibanda jirani, alingoja jamaa apotelee kwenye umati. "Binti, unajua umemlisha nani? Huyo ni mtu wa baraza la mji. Ndiye wa kituo cha sanaa."

Keki ikaungua kwenye chuma.

Miezi mitatu sasa mji wa Aberwennol haukuwa na mazungumzo mengine. Baraza lilitaka kukarabati ukumbi wa soko na kuweka humo humo kituo cha sanaa: picha, muziki, jukwaa. Wapo waliosema soko linakufa na sanaa italifufua. Wapo waliosema sanaa hailiwi, na hao kiongozi wao alikuwa Idwal. Mchoro ulibandikwa mlangoni kila mtu aone. Jukwaa lilichorwa palepale penye kibanda cha Nerys.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Macsen.

"Ulikuwa unapima kaburi langu?" Nerys alianza, salamu hakuna.

"Nilikuwa natafuta sababu ya kuliondoa jukwaa hapo. Aliyechora mchoro ule hajawahi kukanyaga sokoni. Lakini madiwani hawabadilishi kitu kwa maneno matamu. Nahitaji cha kuwaonyesha."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Mdomo ulikuwa umejaa keki."

Akawa anapiga kila siku. Kwa nini jibini la Nerys linafungwa kwa kitambaa na si karatasi? Kwa nini Bi Beti, muuza nyuzi, haketi hata dakika moja?

"Una maswali kama mtoto wa miaka minne."

"Na wewe una majibu, kipenzi. Ndiyo maana nakupigia."

Hilo neno kipenzi lilimfanya Nerys akate jibini la mteja mara mbili ya alivyoagiza. Akaanza kuvaa hereni za buluu za marehemu mama yake kazini. Idwal aliziona, akaguna.

Alhamisi ambayo madiwani wangeupigia mpango kura, gari la Nerys liligoma kilimani akachelewa. Alipoingia sokoni palikuwa kimya. Idwal alisimama amevua kofia, ameikumbatia kifuani. Alipomwona, ikamponyoka.

"Mungu wangu! Yuko hai!"

"Nani kafa?"

"Wewe!"

Kibanda chake kilikuwa kimefunikwa shuka jeupe toka juu hadi chini. Chini yake, maua.

Soko lile lina desturi ambayo haikuandikwa popote. Kibanda kikifunikwa shuka jeupe mchana, mwenyewe amekufa, au ameacha biashara moja kwa moja. Mtu baki haligusi. Hukunjwa na watu wawili wa nyumba hiyo, mmoja ncha hii, mwingine ncha ile. La mama yake, Nerys alilikunja na baba yake. Sasa baba naye hayupo.

"Mtu wa baraza kalitundika mwenyewe asubuhi na mapema," Bi Beti alisema huku akipangusa macho. "Wengine wakasema umekufa. Mimi nikajua umesalimu amri. Kama Nerys kaondoka, sisi ni nani? Nimetia saini karatasi ya baraza ya kukubali kuhama, mwanangu. Na wa samaki ametia."

Nerys akampigia Macsen simu.

"Umeliona?" Macsen aliuliza kwa furaha. "Subiri madiwani wafike saa tano..."

"Umenizika nikiwa hai!"

"Nini? Ni skrini tu, mpenzi, nataka kuwaonyesha filamu..."

"Watu wameniwekea maua, Macsen! Wamekubali kuhama kwa sababu yako! Ndiyo kazi uliyotumwa?"

Akakata, akazima simu. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye kikulacho alikilisha keki kwa mkono wake.

Saa tisa alasiri alikwenda ukumbi wa baraza kupinga mpango wote, kituo na mwenye kituo. Lakini aliyesimama kwanza alikuwa Macsen, sweta lilelile, kiwiko nje.

"Waheshimiwa, leo nimekosea. Nimeuliza maswali mia moja pale sokoni, nisiulize shuka jeupe lina maana gani. Waliotia saini leo walidanganyika kwa kosa langu. Naomba saini hizo zifutwe."

Kisha akawasha projekta ukutani. Ilikuwa filamu aliyoipiga mbele ya kibanda cha Nerys: nyuso hazikuwepo, miguu tu. Buti za matope, magurudumu ya kigari cha mtoto, fimbo ya mzee, kila mmoja akija kusimama kwenye bonde lile lile la jiwe. Na sauti zao: nani kaoa, nani kaachwa, jibini la leo kali.

"Hivi viatu vya zambarau si vyangu?" diwani mmoja akaropoka. Ukumbi ukacheka.

"Jukwaa lipo tayari," Macsen alisema. "Linauza jibini. Letu tulipeleke mlango wa kaskazini, kwenye vile vibanda sita vitupu. Asihamishwe mtu."

Mikono kumi na mmoja ilikubali, minane ikakataa, na saini zikafutwa.

"Bado hailiwi," alinung'unika Idwal. Lakini alipiga makofi. Mara mbili.

Nerys alirudi sokoni, akamkuta Macsen amesimama mbali na shuka kama mtu aliyeona nyoka.

"Nilitaka kulitoa. Muuza samaki kaninyanyulia kisu."

"Kafanya vizuri. Wewe ni mtu baki."

"Nisamehe, Nerys."

"Usiniombe. Uliza. Si kazi yako kuuliza?"

Akalitazama shuka, kisha maua, kisha yeye. "Linatolewaje?"

"Na watu wawili wa nyumba moja. Mimi kwetu nimebaki peke yangu."

Bi Beti, kwa mara ya kwanza tangu afungue kibanda, akaketi.

"Mtu baki," Macsen aliuliza polepole, "anawezaje kuwa wa nyumbani?"

"Njia ipo moja. Inataka kasisi. Na Idwal atadai kondoo wa harusi atoke kwake."

"Nitakula kondoo wa Idwal mpaka nizeeke. Nerys, unioe... hapana, nikuoe... unakubali?"

"Umeuliza vibaya, lakini umeuliza. Usisimame kama nguzo sasa. Shika ncha hiyo."

Wakalishusha. Wakalikunja nusu, wakalikunja tena, na kila mkunjo uliwasogeza hatua moja, maana shuka halikunjiki watu wakibaki mbali. Vidole vyao vilikutana juu ya lile bonde la sentimita nne, na hapo Idwal, aliyekuwa kichwa wazi tangu asubuhi, akaokota kofia yake, akaivaa.