Nta ya Mama Sabohat

Treni ya Tashkenti ilishaanza kuondoka Samarkandi Zulhumor alipoifukuzia, gauni lake la hariri la mistari likipepea, kiboksi kakikumbatia kifuani. Mwanamume mwenye tikitimaji kwapani akamvuta ndani.

"Umeiba dhahabu, dada?"

"Ni mama yangu." Akafunua vipande vya nta vilivyogandishiwa nyama kidogo ya titi la mama yake, inayokwenda kupimwa upya hospitali kubwa.

"Na joto hili! Viegemeze kwenye tikiti langu, lina ubaridi. Halafu kaa, unanizungusha kichwa."

Hakukaa. Mwanamume aliitwa Shuhrat, mshona mapazia, na kabla ya kufika alishapewa namba.

Simu zikaanza. "Umekula, mpenzi?"

"Nimekula kucha."

Majibu yakatoka: saratani. Mama Sabohat akaletwa Tashkenti, ila akaambiwa ni jipu, na titi litakatwa. Kwao mgonjwa hatajiwi ugonjwa huo, asije akafa kwa hofu.

"Titi zima kwa jipu?" mama akagoma. "Mmerogwa?" Akaanza kufunga nguo zake arudi nyumbani.

Shuhrat alimkuta hivyo, alipompelekea mkate wa moto.

"Wewe si damu yangu," mama akamkazia macho. "Sema."

Akasema.

"Umemuua mama yangu!" Zulhumor alimfokea kwenye simu.

"Mpenzi, amekubali kupasuliwa."

"Mpenzi wako nani?" Akakata.

Baada ya upasuaji ukawa mwendo wa kusubiri majibu, Zulhumor akitembea koridoni huku na huko. Daktari alipokuja, akamvuta pembeni kumnong'oneza.

"Nong'onea huku!" mama akaita kitandani. "Titi lilikuwa langu. Ulisema utatazama kingo. Zikoje?"

"Safi, mama. Uvimbe umetoka wote, na nyama nzima kuuzunguka. Ila tezi moja ya kwapani imekutwa na saratani. Utahitaji dawa za dripu."

"Zilete." Akamgeukia binti. "Yule kijana ndiye pekee aliyenihesabu mtu mzima. Mpigie."

Akapiga. "Uko wapi?"

"Getini. Mlinzi ananidhania mwizi."

"Ingia, mpenzi. Nisamehe."

Mama Sabohat alipukutika nywele, zikaota mvi tupu. Alicheza kwenye harusi yao. Miaka ilipita, saratani ikarudi mapafuni, akaambiwa siku ileile. Alifariki nyumbani Samarkandi. Daktari alistaafu. Zulhumor na Shuhrat wanauza mapazia karibu na stesheni.