Yeye Si "Elle"

Jumamosi asubuhi Warda alikuwa akikaanga maandazi nyumbani kwake ugenini, mtaa wa Schaerbeek. Mansour, mtoto wa kaka yake, alikaa mezani na bahasha. Ndani mlikuwa na nakala ya mahojiano yake ya kuomba ukimbizi. Wakili wake aliiomba siku iliyofuata mahojiano. Kifaransa cha Mansour kilikuwa cha kuombea maji, basi jirani yao Rolande alikuja kumsomea. Rolande ni mwalimu wa masomo ya jioni, mtu wa Bukavu, hamung'unyi maneno.

Alisoma kurasa tatu. Kwenye ya nne akaweka kidole juu ya neno moja.

"Mansour, hapa wameandika *elle*. Mupenzi wako ni mwanamuke?"

"Hapana, maman Rolande. Nilisema: mpenzi wangu, yeye alikamatwa, mimi nikakimbia."

"Bon. Mukalimani alisikia *yeye*, akachagua mwanamuke yeye mwenyewe."

Warda aliweka mwiko chini. Siri ile aliijua, ila haikuwahi kutajwa mbele ya jirani.

"Acha ikae vile," akasema. "Mungu ametufunika. Wamaman wa Saint-Josse, kule ninakouza, wakisikia, nitapita wapi?"

"Shangazi, niliwaambia nilikimbia Bujumbura sababu napenda mwanaume. Karatasi inasema mwanamke. Watasema nadanganya. Watanirudisha kule wanakofunga watu kama mimi."

Warda akageuza maandazi. Aliona aibu, na aliogopa pia.

"Alors, musikilize," Rolande akasema. "Serikali iko na masanduku mbili, *il* na *elle*. Muntu asipoenea, wanamusukuma ndani. Watu wa université wanauliza: nani alipatia serikali ruhusa ya kuamua mwanaume ni nani, mwanamuke ni nani, nani apende nani? Mawazo ile wanaiita *queer*. Zamani ilikuwa tusi. Wenyewe wakaichukua, wakaivaa. Lakini leo tuko na *huit jours*, siku nane za kazi, za kusahihisha. Ukinyamaza, watasema umekubali."

Mansour akachukua kalamu. Aliandika kwa Kiswahili, Rolande akageuza kwa Kifaransa:

"Ukurasa wa nne: si *elle*, ni *il*. Nilisema *yeye*. Neno hilo halisemi mwanamume wala mwanamke. Mpenzi wangu ni mwanamume. Sioni haya."

"Ile sentensi ya mwisho haiombwe," Rolande akasema.

"Ibaki."

Barua ilitumwa Jumatatu. Mansour alipoitwa tena, aliomba mkalimani mwingine. Kabla ya swali la kwanza alisema, "Mkisikia *yeye*, msibahatishe. Niulizeni." Baada ya miezi mitano alikubaliwa kuwa mkimbizi.

Habari zilifika Saint-Josse, dukani ambako Warda anauza mihogo. Mteja mmoja akainama karibu.

"Maman Warda, eti mutoto wako alipata *papiers* za kukaa kwa mambo ya haya?"

Warda aliendelea kupima mihogo.

"Alipata kwa kusema kweli," akasema. "Wewe ya kwako, uliipata kwa kusema nini?"

Yule mama akauliza bei ya mihogo.