Nati ya Katikati

Gari lao lilikuwa kuukuu. Likiingia kwenye shimo, mbele kuligonga ko! Mama Kijacho alishika tumbo lake, akauma meno. Majirani walimwita hivyo kwa sababu mimba ilikuwa kubwa.

“Pole, mke wangu,” alisema mumewe, mwoka mikate. “Nitalitengeneza mwenyewe.”

Siku ya mapumziko, aliinua gari uani kwa jeki, akang'oa gurudumu la mbele. Mama Kijacho alikuwa akianua nguo. Aligeuka, akaona miguu ya mumewe tu. Mwili wote ulikuwa chini ya gari. Na jeki ilikuwa inazama kwenye udongo.

“Toka! Mume wangu, toka huko!”

Mumewe alitoka akitambaa. Gari likaanguka puu! Vumbi likatimka.

Mama Kijacho akaketi chini, akalia. Mumewe akamkumbatia kwa mikono yenye grisi.

Jirani yao, dada fundi wa magari, akaja mbio. “Mko wazima?”

“Wazima,” mwoka mikate akajibu. “Nilitaka tu mke wangu asiumie tena.”

“Najua, shemeji. Lakini haraka haraka haina baraka. Tulifanye pamoja.”

Waliweka ubao chini ya jeki, wakaliinua gari na kurudisha gurudumu, kisha wakalisukuma hadi kwenye sakafu ya saruji. Fundi akavuta breki ya mkono, akaweka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma. Walipoliinua, akaliegemeza juu ya stendi mbili za chuma. Akalisukuma kidogo. Halikutikisika.

“Jeki kazi yake kuinua. Kubeba ni kazi ya stendi.”

Gurudumu likatoka tena. Mwoka mikate akafungua bolti za chini za shokapu, kile kifaa cha kupunguza mtikisiko, ambacho kilikuwa kimechakaa. Kisha akapeleka spana juu, kwenye nati kubwa ya katikati.

“Hiyo usiiguse!” fundi akamshika mkono. “Springi imebanwa humo. Ukiifungua, itafyatuka ikuue. Fungua hizi ndogo za pembeni, springi na shokapu vitoke pamoja. Kule gereji kwetu tuna kifaa cha kuibana springi kwanza.”

“Kumbe! Na mimi nilidhani nati ni nati.”

“Mkate nao ni mkate?”

Mama Kijacho akacheka, akifuta mabaki ya machozi.

Walienda gereji wakarudi, na jioni shokapu mpya zilikuwa zimefungwa, pande zote mbili.

Siku ya kliniki walipita barabara ileile yenye mashimo. Mwoka mikate aliendesha polepole, akisubiri kusikia “aah!” ya mkewe. Hakusikia. Walipofika, akageuka. Mkewe alikuwa amelala fofofo.

Alizima injini, akafungua dirisha apate hewa. Hakumwamsha.