Maneno ya Bi Kuhlman

Ijumaa ya pili ya Kwaresima, ukumbi wa chini wa kanisa la Waslovakia, Pittsburgh, ulijaa watu hadi ngazini. Mafuta yalikuwa yanachemka, watoto wanakimbizana kati ya meza, na foleni ya samaki wa kukaanga haisogei. Nyuma ya meza, Tara Hrabovsky alikuwa akigawa kabichi kwa kijiko kikubwa. Bado alikuwa na sare yake ya uuguzi ya rangi ya bluu, nywele zake nyekundu kazibana kwa kalamu. Alikuwa amesimama tangu saa moja asubuhi. Alimwekea mtu mmoja kabichi, akatabasamu bila kumtazama, akasema, "Kuna kitu kingine chochote ninachoweza kukusaidia? Muda ninao."

Foleni ikaangua kicheko, maana nyuma ya yule mtu walikuwapo watu sitini.

"Wewe ni nesi," yule mtu akasema. Alikuwa na sauti nzito na laini, kama ya mtangazaji wa redio. "Na hospitali yenu imewakaririsha maneno hayo. Lazima myaseme kila mkitoka chumbani kwa mgonjwa."

Tara akainua uso. Akaona sweta la kijani lililotoboka kiwiko, na miwani iliyojaa ukungu wa mvuke.

"Umejuaje?"

"Kazi yangu ni kuwapigia simu wagonjwa wakisharudi nyumbani, niwaulize kama mliwaridhisha. Naitwa Vince Palumbo."

"Kumbe adui ndiye wewe!"

"Mimi naandika wanachosema tu, dada. Niongezee kabichi."

"Adui hapewi kabichi."

"Basi nitaandika kwamba huduma ilikuwa mbovu."

"Andika bwana! Tumeshazoea."

Lakini alimwongezea vijiko viwili, na kabla ukumbi haujafungwa walikuwa wamepeana namba.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu zaidi, kwa kuwa zamu za Tara zilikuwa za saa kumi na mbili na zilimwacha hoi. Alikuwa akijilaza kwenye kochi, miguu juu ya mto, simu sikioni.

"Niongeleshe kwa ile sauti yako ya kazini," alimwambia siku moja.

"Je, wiki hii," Vince akaanza, "mpenzi wako alikusikiliza kwa makini: kamwe, wakati mwingine, mara nyingi, au mara zote?"

"Mara nyingi."

"Basi nimefeli."

"Umefeli vipi? Si nimekusifu!"

"Kwenye karatasi zetu inahesabiwa 'mara zote' peke yake, Tara wangu. Ukisema 'mara nyingi' ni sawa na kusema nilikutemea mate."

Tara hakucheka. Jambo hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Sijui ni nani huyo aliyekaa ofisini kwake akaamua kwamba binadamu mwenye wagonjwa sita afike mara zote, asikilize mara zote, aeleze mara zote. Wazee wa mji huu hawajui kusema "mara zote". Wamefanya kazi viwandani maisha yao yote, na kwao "mara nyingi" ndiyo sifa ya juu kabisa anayoweza kupewa mtu. Kwa hiyo wodi ya nne, alikofanya kazi Tara, ilikuwa ya mwisho katika hospitali nzima, na meneja wao, Bi Stahl, alibandika alama hizo kila mwezi kwenye chumba cha mapumziko, akiwakumbusha kwamba hawa si wagonjwa tu, ni wateja.

Tara alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Ilikaa ndani ya mkoba wake tangu Krismasi. Uuguzi alikuwa ameutaka tangu ana miaka tisa, na hakujua kazi nyingine duniani.

"Leo sijala mchana," alimwambia Vince jioni moja ya Machi. "Nina bibi mmoja, Bi Kuhlman, ana miaka themanini na moja, alikuwa anaingia kwenye upasuaji. Alikuwa anatetemeka, Vince. Nikakaa naye dakika arobaini nimemshika mkono. Chumba cha tisa kinabonyeza kengele kwa ajili ya rimoti ya televisheni, mimi nimekaa tu. Unajua nilipotoka Bi Stahl aliniambia nini? Chumba cha tisa kimelalamika."

"Pole, mpenzi."

"Kesho natoa barua."

"Usitoe."

"Nipe sababu moja. Mtu mmoja tu ambaye angejali nisipokuwepo. Wewe usijihesabu."

Vince alitafuta sababu hiyo mpaka simu ikaishiwa chaji.

Kesho yake barua haikutoka. Tara alichoka hata kuitoa. Wiki tatu baadaye, katika kibanda chake cha ofisini chenye kuta za kitambaa cha kijivu, Vince aliona jina la Edna Kuhlman kwenye kioo cha kompyuta. Alimpigia, wakazungumza dakika saba. Mwishoni lilikuwapo swali la maoni, ambalo sheria ilimtaka aandike maneno ya mgonjwa kama yalivyotoka mdomoni. Bibi alisema alichosema. Vince akakata simu, akabaki vidole vimeelea juu ya vitufe, kisha akaandika kitu kingine. Na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaanza, akazigeuza na "mara nyingi" zake zote zikawa "mara zote".

Siku iliyofuata ikawa rahisi zaidi. Kila ilipotokea wodi ya nne, Vince aligeuza.

"Vince! Vince, umekaa?" Tara alimpigia akiwa kwenye maegesho ya hospitali, anahema. "Bi Kuhlman kanikumbuka! Wameyabandika maneno yake ukutani, ngoja nikusomee, nimepiga picha. 'Nilikuwa naogopa kufa. Nesi mwenye nywele nyekundu aliacha chakula chake cha mchana, akakaa akanishika mkono hadi waliponichukua. Sitamsahau.' Umesikia? Sitamsahau!"

"Nimesikia," Vince akasema.

"Mbona umepoa hivyo?"

"Nimefurahi mpaka nimeishiwa maneno."

"Barua nimeichana. Vipande vipande! Naja kwako jioni, nakuletea pai ya tufaha, na usiniulize kama muda ninao."

Alikuja na gauni la njano ambalo Vince hakuwahi kuliona. Alicheza peke yake jikoni. Wodi ya nne ikapanda hadi nafasi ya pili, Bi Stahl akawanunulia pizza, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili Tara akawa anaamka kabla saa haijalia. Wiki zile walikuwa na raha, na haifai kusema raha ile ilikuwa ya uongo, maana Tara aliisikia mwilini. Lakini Vince alikuwa amenunua pete, na kila alipoishika aliirudisha mfukoni.

Ilikuwa siku ya Jumanne, saa sita mchana, Tara akimenya yai katika chumba cha mapumziko, macho yake ukutani. Aliyasoma maneno yale kwa mara ya mia. "Aliacha chakula chake cha mchana." Mkono ukasimama. Bi Kuhlman hakujua habari ya chakula. Kuna nesi gani anayemwambia mgonjwa anayetetemeka kwamba yeye ana njaa? Habari ile alimwambia mtu mmoja tu.

Alipiga simu pale pale.

"Yale maneno uliandika wewe?"

Vince akaivua miwani yake.

"Nijibu."

"Mimi."

"Na hizo alama nyingine?"

"Simu thelathini na moja. Tara, nilikuwa nakuona unazama..."

"Nilikuwa nazama, ndiyo. Ukanipa kamba iliyochorwa kwenye karatasi!" Alikuwa akilia, na yai limebonyea kiganjani. "Nilifikiri kuna mtu aliniona, Vince. Nimeamka asubuhi zote hizi kwa ajili ya yule bibi."

"Nakupenda."

"Hilo nalo umelitunga?"

Akakata.

Alhamisi Vince aliingia kwa mkubwa wake kwa hiari yake, akasema yote. Alifukuzwa kabla ya saa nne. Simu zile thelathini na moja zikafutwa, wodi ya nne ikarudi mkiani, na Bi Stahl akabandua ile karatasi bila kumtazama Tara. Wauguzi wote wakapelekwa darasani kujifunza kutabasamu upya.

Wiki mbili hawakuongea. Kisha Jumamosi moja Tara alimwandikia wakutane kwenye soko la Mtaa wa Penn, mbele ya duka la samaki, mahali penye kelele. Vince alivaa tai. Pete ilikuwa kwenye koti. Tara alikuja na koti la mvua, nywele kazikata fupi, macho yamevimba.

"Usiseme kitu kwanza," akamwambia. "Nina swali moja. Bi Kuhlman alisema nini hasa?"

Watu walikuwa wakiwapita na mifuko ya samaki. Vince alimwangalia usoni, akaona anavyosubiri. Neno moja tamu lingetosha, na simu ile ikiwa imeshafutwa, hapakuwa na wa kulikanusha.

"Alisema hamkumbuki nesi yeyote," akajibu. "Nilimwuliza mara mbili. Alikumbuka supu. Alisema ilikuwa ya baridi."

Tara akacheka, kicheko kikamgeukia kilio, akajifuta kwa mkono wa koti.

"Asante," alisema. "Sasa nakuamini."

"Basi tuanze upya, mpenzi. Nakuomba."

"Ungenidanganya leo, ningekubali. Ningerudi kwako na ningerudi wodini. Nilikuja nikitaka unidanganye."

"Nilijua," Vince akasema.

Tara alimbusu shavuni, akaingia katikati ya watu, na Vince hakumfuata. Jumatatu asubuhi Tara aliweka barua mpya ya kuacha kazi mezani kwa Bi Stahl, na hakuna aliyemwuliza sababu.