Bamba Namba Nne

Saa nne na dakika arobaini asubuhi, siku ya Jumanne, katika karakana ya chuo kimoja cha ufundi mjini Lodwar, Bi. Jebet alizima mashine yake ya kupimia chuma, akavua miwani na kusema neno moja:

"Polisi."

Saa tano na robo Koplo Rael Ebenyo alikuwa mlangoni. "Ejok," alisalimu kwa Kiturkana. Waliomwitikia walikuwa wachache, tena kwa sauti ya chini.

Mezani yalikuwa yamepangwa mabamba sita ya chuma. Kila bamba lilikuwa vipande viwili vilivyounganishwa kwa mshono wa kuchomelea, kazi ya wanafunzi sita kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Ambaye mshono wake ungefaulu angeajiriwa kwenye karakana ya meli huko Kanada. Bi. Jebet, mtahini kutoka Nairobi, angeondoka na matokeo kwa ndege ya saa kumi.

"Namba nne imejaa matundu ndani kama mandazi," alisema Bi. Jebet. "Na hiyo namba imegongwa mahali palipopigwa tupa. Huu ni udanganyifu. Nikiandika hivyo, mwenye bamba hili hatafanya mtihani huu tena, popote."

Mwenye bamba alikuwa Jeanine, msichana Mkongo wa miaka ishirini na mitatu, aliyeingia Kakuma akiwa mgongoni kwa mama yake. Alisimama wima, macho makavu.

"Hii si yangu, afande. Miye nakosaje kujua mshono wangu?"

Rael alimpa karatasi ya maelezo. Jeanine aliandika mistari mitatu, akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, akarudisha kalamu.

Mambo yalikwenda hivi. Jumatatu saa mbili asubuhi, kule Kakuma, mabamba yaligongwa namba na kuchomelewa. Saa kumi na moja jioni Mwalimu Kipkemboi aliyapanga sandukuni, na Wekesa, dereva na mtunza stoo, akatia kufuli. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi walianza safari. Njiani tairi lilipasuka wakasimama dakika arobaini.

"Ufunguo ulikuwa wapi?" Rael alimuuliza Wekesa.

"Shingoni, madam. Hata nikioga siuvui."

"Na tairi lilipopasuka?"

"Nilikuwa chini ya gari. Sanduku lilibaki na Guy."

Guy alikuwa mwanafunzi wa akiba, Mrundi mwembamba mwenye sauti ya upole. Hakuwa na bamba mezani.

"Jeanine akianguka, nani anachukua nafasi?"

"Mimi." Guy aliinua uso. "Ndiyo maana nisingethubutu, afande. Kila mtu angeniangalia mimi kwanza. Kama unavyoniangalia sasa."

"Ulilifungua sanduku?"

"Nililikalia. Hapakuwa na kiti kingine."

Rael alikagua kufuli. Halikuwa na mkwaruzo.

Mwalimu Kipkemboi hakungoja kuulizwa. "Koplo, usipoteze muda wako. Guy ni kijana mzuri, lakini shida humbadilisha mtu. Na Jeanine naye, labda aliharibu kazi akaona haya kusema."

Rael aliandika maneno hayo yote. Mtu mmoja alikuwa amempa washukiwa wawili kwa pumzi moja. Kisha akalibeba bamba namba nne hadi dirishani.

"Bi. Jebet, mshono unaanzia wapi, unaishia wapi?"

"Rodi ya kuchomelea ikiinuliwa mwishoni huacha kishimo. Na bamba haligeuzwi wakati wa kuchomelea. Namba lazima ikae ukingo wa juu, kwa hiyo kulia na kushoto havibadiliki."

Kishimo cha bamba hilo kilikuwa kulia. Rael akamgeukia Jeanine. "Nichomelee mstari mmoja hapa."

Jeanine alishusha kinyago, akashika rodi kwa mkono wa kushoto, akaanzia kulia kwenda kushoto bila kusita. Kishimo kikabaki kushoto.

"Basi si kazi yake," Bi. Jebet alikubali. "Lakini ni ya nani?"

"Kituoni kwetu tuna asidi," alisema Rael. "Bunduki na pikipiki za wizi hutufikia zikiwa zimefutwa namba. Tupa hula chuma cha juu tu. Alama ya nyundo hubaki chini."

Saa saba na nusu chupa ililetwa. Rael alidondosha matone, akangoja, akafuta, akadondosha tena. Chini ya ile nne vikajitokeza vijiti viwili vya rangi ya majivu: kumi na moja.

Bi. Jebet alifungua faili ya mtihani wa mwaka jana. Kidole chake kilishuka kikasimama.

"Namba kumi na moja alianguka. Akarudishiwa bamba lake." Aliinua macho. "Kipkemboi."

Wanafunzi waligeuka kwa pamoja. Hakuna aliyejua kwamba mwalimu wao aliwahi kufanya mtihani ule.

"Sanduku halikufunguliwa njiani," Rael alisema. "Bamba lilibadilishwa kabla ya kufuli kutiwa, Mwalimu, na aliyepanga ni wewe. Ulihitaji bamba bovu la vipimo vilevile, na usingeweza kuchomelea jipya mbele ya wanafunzi. Ulikuwa nalo nyumbani. La Jeanine liko wapi?"

Kipkemboi aliinama, akauvuta mkoba wake kutoka chini ya benchi. Ndani, limezungushiwa taulo, lilikuwamo bamba.

"Nilitaka kulitupa mtoni," alisema. "Nikashindwa. Kazi kama hii haitupwi."

"Kwa nini yeye?"

"Miaka minane nafundisha. Kumi na saba wamevuka, wananitumia picha za theluji. Mimi nilianguka, nikarudi darasani kama hakuna kitu. Wengine ningevumilia. Lakini huyu hakujua hata kuwasha rodi, na sasa ananishinda. Nilitaka aanguke tu, acheleweshwe mwaka mmoja, mpaka nijaribu tena. Sikudhani alama ya tupa ingeonekana."

"Ungeniambia, Mwalimu," Jeanine alisema taratibu. "Tungefanya mazoezi pamoja."

Kipkemboi aliliweka bamba mezani.

Saa nane na dakika ishirini Bi. Jebet aliipitisha mashine juu ya mshono mara mbili. "Safi," alisema. "Mwanzo hadi mwisho." Akatia sahihi.

Uani, Rael alifungua daftari mbele ya Jeanine. "Ni mwalimu wako. Wengi wangeniomba niyaache."

"Nitamsamehe, afande. Lakini nitamsamehe nikiwa Kanada. Leo, andika."

Rael akaandika.