Zamu ya Maji ya Bibi Ndelilio

Kila akitoka shule, Digna alipitia ofisi ya kamati ya mifereji pale Mwika, ambako mama yake alikuwa katibu. Ukungu uliposhuka kwenye migomba na maji yakinong'ona mferejini, macho yalimlegea, akaanza kuota hata kabla hajalala. Huyo ndiye Digna, na ndiye aliyeachiwa kompyuta, maana aliijua kuliko mama.

Ndani ya kompyuta mlikuwa na majedwali mawili: la kaya, na la mifereji pamoja na siku zake za zamu. Kiangazi kilipokaza, kamati ilibadilisha siku zote. Kuandika kaya moja moja? Thubutu! Digna aliandika amri moja tu: kila kaya ichukue siku mpya ya mfereji wa ukoo wake. Kwani nani Mwika asiyejua kwamba kila ukoo una mfereji wake? Siku zikabadilika kufumba na kufumbua, ujumbe ukaenda kwenye simu za watu, naye akarudi kwenye ndoto zake.

Wiki iliyofuata alimkuta Bibi Ndelilio ofisini, amejiinamia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilisoma Ijumaa kwenye simu, nikaenda mferejini, nikafukuzwa. Kumbe zamu yetu ilipita Jumanne. Miche yangu ya kahawa inanyauka, na shemeji zangu wanasema akili imechoka, shamba walichukue wao."

Hapo Digna akakumbuka. Shamba hilo bibi alilinunua mwenyewe ng'ambo ya korongo, kwenye mfereji wa ukoo mwingine. Angenyamaza, nani angejua? Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto.

"Bibi, hukukosea wewe," alisema. "Nimekosea mimi."

Akaeleza yote. Kisha akaandika amri upya: kila kaya ichukue siku ya mfereji inaoutumia, si wa ukoo wake. Safari hii aliitazama kaya moja baada ya nyingine kabla ya kubonyeza. Bibi akasomeka Jumanne. Mama, aliyekuwa akisikiliza mezani pake, akampigia simu Basili, mwenye zamu ya leo kwenye mfereji huo, naye akakubali kumgawia bibi maji jioni ile.

"Kwa hiyo akili yangu ni nzima?" bibi aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Nzima kabisa, bibi."

Mama alimgeukia Digna. "Kompyuta hutii tu, mwanangu, haijui nani analima wapi. Kukosea utakosea tena. Lakini ungenyamaza, bibi angenyang'anywa shamba kwa kosa lako. Sasa nenda kwa shemeji zake, ukawaambie hivyo hivyo kwa mdomo wako."

Digna akamshika bibi mkono, wakatoka.